Daraja la Nyali: Kutoka Ngomeni hadi Kengeleni

Mombasa ni kisiwa, na mwenye kutaka kuijua historia yake sharti avijue vivuko vyake. Magharibi kuna Makupa na Kipevu, ambako reli na magari hupita kwenda bara. Kusini kuna Likoni, ambako feri hubeba watu na magari usiku na mchana. Kaskazini mashariki, juu ya mkondo wa Tudor, liko Daraja la Nyali: takribani mita 390 za zege na njia 6 za magari. Kila asubuhi watu wa Kisauni, Kongowea, Bamburi na Mtwapa hulipita kwa maelfu kwenda kazini kisiwani, na wengi wao hawageuzi hata shingo kuyatazama maji.

Niliamua kulipita kwa miguu, nikifuata njia ya zamani. Njia hiyo hutoka Ngome Yesu, hukata Mji wa Kale, hupita karibu na mahali lilipokuwa daraja la kwanza, huvuka mkondo, kisha huishia Kengeleni, penye kengele ya watumwa waliokombolewa. Ni mwendo wa saa moja na ushei kwa mtu asiye na haraka. Sidhani kama pwani ya Kenya ina njia nyingine fupi namna hii iliyobeba historia nzito kiasi hicho. Na katika kila kituo chake nilikutana na swali lile lile: nani anavuka, na kwa masharti gani?

Maji kama ukuta

Ngome Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593. Ukisimama juu ya kuta zake unaona mara moja Wareno walimwogopa nani: mizinga iliwekwa kuelekea bahari, kwa kuwa adui wao alitazamiwa kuja kwa merikebu. Lakini miaka minne tu kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, Mombasa ilikuwa imeangamizwa na watu waliotoka bara. Mwaka 1589 Wazimba, waliokuwa wamepanda kutoka kusini wakiharibu miji waliyoipitia, walipiga kambi ng'ambo ya Makupa. Pale maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Watu wa Mombasa, wakisaidiwa na Waturuki walioongozwa na Mir Ali Bey, waliwazuia. Ndipo manowari za Wareno kutoka Goa zikaingia bandarini na kuwapiga Waturuki. Ulinzi wa kivuko ukavunjika, Wazimba wakavuka, na mji ukachinjwa.

Tangu hapo kila aliyeitawala Mombasa alijua kwamba maji yanayoizunguka ni ukuta, na kivuko ndio mlango wake. Wareno walijenga vituo vya ulinzi Makupa. Waomani walipouzingira mji mwaka 1696 hadi 1698, njaa na maradhi viliwamaliza waliokuwa ndani ya ngome kabla ya panga. Na Waingereza walipoanza kujenga reli ya kwenda Uganda mwaka 1896, kazi ya mwanzo ilikuwa kuvuka Makupa, maana bila hapo reli isingefika popote.

Kutoka ngomeni nilishika Ndia Kuu. Ni njia nyembamba yenye nyumba za roshani za mbao, milango ya nakshi, na Msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe unaochongoka kama koni. Inateremka kuelekea Bandari ya Kale, ambako kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakiwa na tende na mazulia, yakaondoka na kusi yakiwa na pembe na boriti za mikoko. Ukisimama gatini unatazama moja kwa moja ng'ambo ya pili, Nyali na Kisauni. Umbali ni mfupi kiasi kwamba sauti ya muadhini husikika kote kuwili. Hata hivyo, kwa muda mrefu kuufikia upande ule kulitegemea mtumbwi, mashua, na hali ya maji.

Tusidhani kwamba ng'ambo ile ilikuwa pori lililosubiri daraja ili liwe mahali. Masimulizi ya wenyeji yanamtaja Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, aliyetawala kabla ya Shehe Mvita na kabla ya nasaba zote zilizofuata. Leo Kongowea inajulikana kwa soko lake kubwa, linapofikia viazi, vitunguu na maembe kutoka pande zote. Lakini jina hilo lilikuwa kwenye midomo ya watu wa Mombasa kabla Mreno wa kwanza hajatia nanga mwaka 1498.

Daraja lililoelea

Daraja la kwanza la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931. Lilikuwa upande wa kusini wa hili la leo, karibu zaidi na Mji wa Kale, na halikusimama juu ya nguzo. Lilielea. Maboya makubwa yalipangwa safu moja juu ya maji, yakafungwa kwa nanga yasichukuliwe na mkondo, na juu yake ikatandazwa barabara. Kila mwisho palikuwa na mteremko wenye bawaba, ili daraja lipande na kushuka pamoja na bahari.

Ugumu wa jambo hili haueleweki mpaka uyajue maji ya Mombasa. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Barabara ile basi ilikuwa ikihama kwenda juu na chini kwa kimo kinachopita cha mtu mara mbili, siku hizo.

Barabara ya Mzizima nilimkuta mzee mmoja ameketi barazani baada ya sala ya alasiri. Alikuwa dereva wa lori ujanani mwake. Nilimwamkia, "Masalkheri, mzee," akajibu, "Akheri, mwanangu, karibu," akasogea kunipa nafasi. Nilipomuuliza kuhusu daraja la zamani hakusita hata kidogo.

"Maji yakipwa waona daraja li chini kule, na wewe u juu hapa na mzigo wako. Washuka polepole, gari lalia, utingo ashashuka yuko mbele atazama matairi. Yakijaa, wapita sawasawa kama barabara nyingine. Sisi madereva tulikuwa twajua miandamo ya mwezi kushinda wavuvi."

Akanyoosha mkono kuelekea mkondoni kunionyesha lilipopita. "Na ukiwa juu yake wasikia miguuni. Lile lilikuwa lapumua."

Nimeyaweka maneno yake hapa kwa sababu ndiyo maelezo bora ya kiufundi niliyoyapata kuhusu daraja lile. Daraja la kuelea halishindani na bahari. Linaifuata, na hiyo ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake ni kwamba haliwezi kubeba zaidi ya kile maboya yake yanachoweza kuelea nacho, wala halitoi mwendo mmoja saa zote. Kwa Mombasa ya mwaka 1931, yenye magari machache na mashamba ya mkonge ng'ambo, lilitosha. Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1946 Hoteli ya Nyali Beach ilifunguliwa ufukweni. Mwaka 1954 kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi, na saruji ni mzigo usio na huruma kwa barabara yoyote. Watu nao walizidi kuhamia Kisauni, kwa kuwa kisiwa hakikuwa kikiongezeka ukubwa. Daraja likawa mzigo kwa mji ule ule lililoufungulia njia.

Ushuru uliofika London

Kuna jambo la daraja lile ambalo Wakenya wengi hawalijui, ingawa wanasheria wa nchi nyingi wamelisoma darasani. Daraja la 1931 halikuwa la umma kwa maana ya leo. Liliendeshwa na kampuni iliyoitwa Nyali Limited, iliyokuwa na maslahi ya ardhi ng'ambo, kwa makubaliano na serikali ya kikoloni. Aliyevuka alilipa.

Wakazuka mabishano kati ya kampuni na serikali: magari ya jeshi yalipe ushuru, au yapite bure? Upande wa serikali ulishika kanuni ya kale ya Uingereza kwamba Taji halitozwi ushuru wa daraja. Lakini je, kanuni ya Uingereza ilikuwa na nguvu Mombasa? Kisheria mji huu haukuwa ardhi ya Mwingereza. Ulikuwa ndani ya ukanda wa maili 10 wa pwani uliohesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome Yesu mpaka mwaka 1963. Mwingereza alikuwa mlinzi tu, angalau kwenye karatasi.

Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani ya Uingereza, na mwaka 1955 Jaji Alfred Denning akatoa kauli iliyoenea kuliko kesi yenyewe. Alifananisha sheria ya Uingereza na mti wa mwaloni. Huwezi, alisema kwa maana hiyo, kuung'oa ukaupanda Afrika na kutazamia uwe na ugumu ule ule uliokuwa nao kwao. Utaota, lakini unahitaji kutunzwa kwa uangalifu, na matawi yasiyofaa kwa watu wa huku yakatwe. Tangu hapo, mahakama za nchi zilizokuwa chini ya Uingereza zilipojiuliza ni kipi cha Kiingereza kifuatwe na kipi kiachwe, kauli hiyo ya Nyali imekuwa ikirejewa.

Naipenda kesi hiyo, na pia inaniuma. Naipenda kwa sababu inaonyesha kwamba jambo dogo la kila siku, kulipa ili uvuke maji, linaweza kulazimisha dola kueleza inatawala kwa haki gani. Inaniuma kwa sababu waliobishana walikuwa kampuni na serikali. Mama aliyevuka na kapu la samaki kwenda kuuza kisiwani, na kibarua aliyerudi ng'ambo jioni na ujira wake wa siku, hawakuwa na wakili mle ndani. Wao ndio waliojua ushuru una uzito gani.

Juu ya zege

Daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Lilijengwa kwa msaada wa Japani, nchi ambayo baadaye ilisaidia pia kujenga daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991. Kwa daraja hilo la Kilifi barabara ya kwenda Malindi ikaepuka kivuko ambacho vizazi vilivyotangulia vilikisubiri juani.

Tofauti na lile la kwanza, hili haliijali bahari. Nguzo zake nene zimesimama ndani ya mkondo, na juu yake limelala sanduku refu la zege lililo wazi ndani. Ukilitazama kutoka ufukweni unaona tumbo la sanduku hilo ni nene juu ya nguzo na linapungua kuelekea katikati ya nafasi. Uzito mkubwa huchukuliwa karibu na nguzo, na katikati daraja linahitaji kuwa jepesi iwezekanavyo. Ndani ya zege zimefichwa nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu nyingi. Hizo ndizo zinazolibana zege lisipasuke linapolemewa. Jahazi likipita chini, matatu zinapita juu, na hakuna anayemsubiri mwenzake.

Nilipanda kutoka upande wa Buxton. Njia ya miguu ni nyembamba, na watu wake wana haraka. Vijana wa mkokoteni walinipita wakisukuma magunia ya viazi kutoka Kongowea, mmoja mbele ameshika mikono ya mkokoteni, wawili nyuma wamelaza mabega. Pale kipande kimoja cha daraja kinapokutana na kingine pana ufa mwembamba uliofunikwa kwa chuma. Ufa huo huachwa kwa makusudi, ili zege lipate mahali pa kutanuka jua linapowaka na kujikunja usiku unapopoa. Gurudumu la mkokoteni lilikwama hapo. Wa nyuma wakahesabu kwa sauti, wakasukuma kwa pamoja, likavuka. Lori la kokoto likapita ubavuni, na katikati kabisa ya daraja nikausikia mtikisiko ukipanda kutoka miguuni hadi magotini. Nikamkumbuka mzee wa Mzizima. Hata hili la zege linapumua, ila pumzi yake ni fupi.

Chini mvuvi alikuwa ndani ya hori lake anapiga makasia kwa nguvu, kwa kuwa maji yalikuwa yameanza kupwa na mkondo unavuta kwelikweli kuelekea baharini. Upande wa magharibi mkondo wa Tudor unajipanua kuingia ndani, umezungukwa na mikoko. Upande wa kusini mashariki unaona mdomo wa bandari, kuta za Mji wa Kale, na ng'ambo ile ya Nyali ambako sasa yamesimama majengo marefu ya kupangisha. Halipiti gari hapa linalolipa ushuru. Mtoto wa shule, hamali na tajiri wote hupita sawa. Tumelizoea jambo hili hata tukasahau kwamba halikuwa hivyo tangu mwanzo.

Ng'ambo ya waliokuja na minyororo

Ukishuka upande wa bara, njia ya kulia inakurudisha kuelekea mdomo wa mkondo, karibu na ufuko unaotazamana na Mji wa Kale. Huko ndiko lilipo kaburi la Rosine Krapf na mtoto wake mchanga. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha kanisa la Anglikana cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huo huo homa ikawachukua mke na mtoto. Yeye akabaki. Mwaka 1846, pamoja na Johannes Rebmann, akaanzisha kituo cha Rabai. Akajifunza Kiswahili kwa wenyeji, akisaidiwa hata na kadhi wa Mombasa, na mwaka 1850 akachapisha sarufi ya lugha hii. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Yeyote anayeshika kamusi ya Kiswahili leo anashika kitu kilichoanzia mwambao huu.

Lakini walioigeuza ng'ambo hii kuwa mahali pa pekee hawakuwa wamisionari peke yao. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Aliyekuwa ametumwa kutoka Uingereza kuanzisha mazungumzo hayo alikuwa Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza zilizidi kukamata majahazi ya watumwa, na likazuka swali: watu hawa wapelekwe wapi? Wengi walikuwa wametekwa mbali, Nyasa, Uyao, Umakua. Kuwarudisha kwao ilikuwa sawa na kuwarudisha kwa waliowateka. Ndipo mwaka 1875 makazi yakaanzishwa hapa Kisauni, yakaitwa Frere Town.

Miongoni mwa walioyasimamisha makazi hayo walikuwamo Waafrika waliokulia Bara Hindi. Walikuwa watoto waliokombolewa baharini miaka ya nyuma, wakapelekwa Nasik karibu na Bombay, wakasomeshwa na kufundishwa uhunzi, useremala na ualimu, kisha wakarudi Afrika wakiwa watu wazima. William Jones alikuwa mmoja wao. Mwaka 1885 yeye na Ishmael Semler walitiwa daraja la ushemasi hapa na Askofu James Hannington. Miezi michache baadaye Jones alisafiri na askofu huyo kuelekea Uganda, na Hannington alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyeukusanya msafara uliobaki na kuurudisha pwani.

Mwingine aliitwa Matthew Wellington. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chengwimbe, Myao. Naye alipitia minyororo, jahazi, manowari na Nasik. Alikuwa miongoni mwa wale waliouchukua mwili wa David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi inayoitwa Zambia leo, wakaufikisha Bagamoyo mwaka 1874 kwa miguu. Baadaye aliishi Mombasa, akafa mwaka 1935 akiwa mzee sana. Maana yake ni kwamba alikuwa hai daraja la kwanza lilipofunguliwa. Mtu aliyewahi kuuzwa, akatembea nusu ya bara la Afrika na maiti begani, aliishi kuona watu wakivuka mkondo huu kwa gari.

Isidhaniwe kwamba Frere Town ilikuwa pepo. Katika miaka ya mwanzo wasimamizi wake walituhumiwa kuwachapa viboko watu wale wale waliodaiwa kuwa huru, na mwaka 1881 malalamiko hayo yakafanyiwa uchunguzi. Nje ya makazi, wenye watumwa wa Mombasa waliona watoro wao wakikimbilia ng'ambo na kuhifadhiwa. Vitisho vya kuyavamia makazi vikawa jambo la kweli. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika ukanda huu wa pwani mpaka mwaka 1907. Kwa zaidi ya miaka 30, basi, mkondo huu mwembamba ulikuwa mpaka: upande mmoja mtu ni mali, upande wa pili mtu ni mtu, ingawa kwa shida. Aliyeweza kupata mtumbwi usiku na kuvuka bila kuonekana alikuwa amebadilisha maisha ya kizazi chake.

Ng'ambo hii ndiko ilikotoka familia ya Mbotela. James Mbotela aliandika "Uhuru wa Watumwa", kitabu kilichotoka mwaka 1934, miaka mitatu tu baada ya daraja la kuelea. Humo anasimulia kwa Kiswahili habari za watu waliotekwa, wakakombolewa na kuletwa hapa. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya nathari vilivyoandikwa na Mwafrika wa Kenya kwa lugha hii, na kimeandikwa na mwana wa watu walioyaona mambo hayo kwa macho. Kutoka ukoo huo huo alitoka Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940, ambaye kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilisikilizwa Kenya nzima kwa miongo mingi. Mjukuu wa watu walioitwa watumwa akawa ndiye anayeuliza taifa zima kuhusu ungwana. Sijui heshima inayoipita hiyo.

Kengeleni

Mwisho wa njia ni makutano ya Kengeleni, ambayo wenyeji huyataja kila siku wanaposhuka kwenye matatu. Kengele iliyoyapa jina bado ipo. Imetundikwa kando ya barabara, kwenye kijumba cha nguzo kilichopakwa chokaa, na huhesabiwa miongoni mwa kumbukumbu za taifa. Inasimuliwa kwamba iliwaita watu kwenye sala, na vilevile iligongwa kuwaonya kila wavamizi walipoonekana wakija kuwateka upya waliokwisha kukombolewa.

Nilisimama chini yake jioni, saa ambayo matatu za Bamburi na Mtwapa zinagombania abiria, tuktuk zinajipenyeza, na bodaboda hazijui taa nyekundu ni nini. Nilimuuliza muuza viazi karai aliyekuwa hatua chache kutoka hapo kama wateja wake huuliza habari za kengele. "Wageni, ndio," akasema. "Wenyewe hapa twaiona tu." Halafu akanielekeza kwa fahari kanisa la zamani lilipo, na mitaa ambako bado wanaishi watu waliotokana na wale wa kwanza. Kumbe yeye alijua. Ila wenyeji wenzake hawakuwa wakimuuliza.

Na hilo ndilo ninalotaka kulisema wazi. Historia ya Daraja la Nyali haijapotea. Iko barazani Mzizima, iko Kengeleni, iko kwenye ripoti za mahakama na kwenye kitabu cha Mbotela. Iliyokosekana ni njia ya kuiunganisha. Hakuna gharama kubwa katika kuweka vibao vya Kiswahili kwenye vituo vya njia hii: ngomeni, gatini, Mzizima lilipokuwa daraja la kuelea, pande zote mbili za daraja la leo, kaburi la Rosine Krapf na Kengeleni. Hakuna ugumu kwa shule za kisiwani na za Kisauni kuwatembeza watoto wao asubuhi moja, kila upande ukivuka kwenda kuujua mwenzake. Na "Uhuru wa Watumwa" kinastahili kuwa mikononi mwa kila mwanafunzi wa Mombasa kabla hajasoma habari za utumwa wa nchi za mbali.

Jambo hili si la kumbukumbu tu. Mombasa bado ina kivuko kikubwa kisichopata jawabu la kudumu. Kusini, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe ilizama na watu zaidi ya 270 wakafa wakienda kazini. Januari 2021 lilifunguliwa Liwatoni daraja la kuelea la waenda kwa miguu ili kupunguza msongamano wa Likoni. Mpango wa daraja kubwa la kudumu upande huo umezungumzwa kwa miaka, na siku moja utatimia. Leo mwenda kwa miguu anavuka Likoni kwa feri bila kulipa senti. Watakaolichora daraja hilo, na watakaotia saini mikataba yake, wanapaswa kwanza kutembea kutoka ngomeni hadi Kengeleni. Watajifunza Nyali kwamba daraja linaweza kuwa kibanda cha ushuru cha kampuni, na linaweza kuwa barabara ya kila mtu, na kwamba uamuzi huo hufanywa mezani kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa. Waamue kwa ajili ya vijana wa mkokoteni na mama wa kapu la samaki, kwa maana wao ndio watakaolivuka kila siku ya maisha yao.